Rangi ya Ukili katika Kisima cha Zeina

14 Machi 1932

Leo nimewachafua watoto wa watu. Tumeanza somo la ardhi na darasa la nne. Kitabu tulicholetewa kinaeleza milima ya Ulaya na barafu zake, na mimi barafu nimeiona mara moja tu, ndani ya gilasi ya mzungu. Nikakifunga. Nikawapa majembe na koleo, nikawaambia wachimbe nyuma ya shule mpaka niseme basi.

Juu tulikuta mchanga mweusi wenye mizizi na vipande vya vigae. Chini yake mchanga wa rangi ya kutu, na chini zaidi mchanga mweupe, laini, unaoporomoka ukiuchokoza. Shimo lilipofika kifuani kwa Hamud tukaona umajimaji, na baada ya muda maji yenyewe yakaanza kukusanyika, wala hakuna aliyeyamwaga. Watoto walichuchumaa kando ya shimo. Mimi nilijua yatatokea, na bado nilisisimka.

Tuliporudi darasani nikawaandikia ubaoni maswali mawili: Umeona nini? Unadhani nini? Nikawaambia jibu la moja lisithubutu kuingia katika jingine. Hamud, mwana wa Sheikhan mwenye duka, akasimama akasema ameona kwamba Kariakoo yote imekaa juu ya maji. Mbaruku akamkata: "Hukuiona Kariakoo yote. Umeona shimo moja." Darasa likacheka, Hamud akanuna. Mimi niligeukia ubao nisionekane ninavyofurahi.

Kesho mama zao watanijia juu kwa ajili ya kanzu.

15 Machi

Wamenijia juu. Mmoja alikuja na kanzu yenyewe mkononi.

19 Machi

Tumetia udongo wa kila tabaka katika chupa, tukajaza maji, tukatikisa, tukangoja. Mchanga ulitua mara moja, udongo wa kijivu ukabaki ukielea mpaka tukachoka kuutazama. Mwalimu mkuu alipita dirishani akauliza kama nafundisha au napika. Nilimjibu napika.

22 Machi

Mvua imeanza, na si ya mzaha. Mapaa ya debe yamepiga kelele mchana kutwa. Nimeamua kuwaleta watoto nyumbani kwetu Mtaa wa Sukuma, wapime maji ya kisima yanavyopanda masika yote.

Nikieleze kisima hiki, maana mtu akikaa na kitu kila siku husahau kukitazama. Mama yangu, Bi Mwanamkuu, alikichimbisha uani mwaka ule wa homa iliyofuata vita, homa iliyomchukua dada yangu Zeina. Aliuza bangili zake za dhahabu, akasema maji haya ni sadaka ya kudumu, kila atakayekunywa thawabu zimfikie mwanawe. Kuteka ni bure. Sharti ni moja: ukitia ndoo, useme, "Mungu amrehemu Zeina." Wapangaji wa uani husema, majirani husema, na watoto waliozaliwa baada ya kifo chake humtaja kila siku kuliko mimi ndugu yake. Mama hukaa kibarazani akichagua mchele, na masikio yake yako kisimani. Mtu akiteka kimya, mama hukohoa. Akiendelea kuwa kimya, huambiwa ayamwage maji.

24 Machi

Darasa lilijaa uani. Kila mtoto aliyeteremsha uzi wenye jiwe alisema kwanza, "Mungu amrehemu Zeina," na mama akawagawia vitumbua. Mbaruku hahitaji kukaribishwa, kwao ni hapa hapa. Mama yake, Sitara, ni mjane, mpangaji wetu wa chumba cha pembeni, anasuka mikeka na kulea wawili, yeye Mbaruku na mdogo wake Amna, ambaye bado anatembea kwa kushika ukuta.

Tumefunga fundo palipoishia unyevu wa uzi. Tutarudi kila baada ya mvua kubwa.

28 Machi

Maji yamepanda. Fundo la leo liko juu ya lile la kwanza kwa kiganja kizima. Hamud alidhani ni mvua iliyoingia kwa mdomo wa kisima, Mbaruku akasema mdomo una kifuniko, basi imepita ardhini. Akauliza: "Mwalimu, kama maji ya mvua yanapita mchangani mpaka kisimani, maji ya choo yanakwenda wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Choo chetu kiko pembe ya pili ya ua, shimo kama vyoo vyote vya mtaani, kimezungushiwa makuti. Nilimwambia swali zuri halijibiwi kwa mdomo. Tutatazama. Nilikuwa najidai, na nilijiona ninavyojidai, na ilikuwa raha.

30 Machi

Tumekubaliana kutia rangi chooni, tuone kama itatokea kisimani. Nilifikiri nyekundu. Mbaruku akakataa: mama yake hutia ukili wa mikeka rangi nyekundu na nyeusi, na maji yake huyamwaga uani, kwa hiyo tukiona wekundu hatutajua umetoka wapi. "Tutie zambarau," akasema. "Mama hatumii zambarau, anasema inamchosha macho." Nimefundishwa ualimu miaka mitatu na hilo halikunijia.

31 Machi

Nimekwenda dukani kwa Sheikhan kununua rangi ya ukili.

"Zambarau? Ya pakiti ngapi, mwalimu?"

"Zote ulizonazo."

"Lo! Kumbe umeoa kimyakimya. Au umeanza kusuka mwenyewe?" Akawageukia wateja. "Jamani, mshahara wa serikali umekuwa mdogo, mwalimu sasa anauza mikeka!"

Nilimwacha acheke. Mimi na watoto tuliimwaga yote chooni mama alipokwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa pili. Sikumwambia. Nilijisemea kwamba nitamwambia tukishaona kitu, na kwamba labda hatutaona kitu.

4 Aprili

Hakuna rangi.

6 Aprili

Hakuna. Nimejikuta nashukuru Mungu, na mwalimu wa somo hili hapaswi kushukuru wala kusikitika.

9 Aprili

Mvua tangu juzi haijapumua. Maji yamesimama uani, kuku wako juu ya ngazi.

10 Aprili

Tulichota maji katika bakuli jeupe la kichina, la mama la wageni, tukaliweka juani kwa ile nafasi ndogo jua lilipotoka. Mimi sikuona kitu. Hamud hakuona kitu. Mbaruku aliinama, akazungusha bakuli kidogo, akasema, "Hapa, pembeni."

Palikuwa na zambarau. Hafifu sana, kama maji yaliyooshewa kaniki mara ya tano. Tukachota mara ya pili, tukaweka pembeni maji ya bomba katika kikombe cheupe, tukalinganisha. Watoto wote wakaona. Hakuna aliyecheka leo. Mama aliuliza kutoka kibarazani, "Mnaona nini humo, wanangu?" nami nikajibu kabla yao: "Tunatazama mchanga, mama."

Nimewaambia wanyamaze mpaka tuhakikishe. Nina darasa zima lililoniona nikimdanganya mama yangu.

Sikula leo. Choo kinaingia kisimani. Nimeiandika nione inavyoonekana. Bwana afya akisikia atakuja na watu wake akifukie kesho, na mama atakufa, sisemi kwa kutia chumvi. Mama huyu hana kingine.

11 Aprili

Nimepata njia. Nimekwenda chuoni kwa Maalim Ubeid, aliyenifundisha msahafu nikiwa mdogo.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekumbuka kwenu?"

Nikamuuliza: maji mengi ya kisima, yakionekana rangi kidogo, rangi ya ukili iliyotiwa mahali pengine ikapita ardhini, je, yanafaa kutawadhia? Akauliza kama maji yamefika kulateni, yaani kile kiasi ambacho maji yakikifikia hayanajisiki ila yabadilike kwa najisi rangi, ladha au harufu. Nikamwambia yamekipita mbali. Akauliza harufu. Hakuna. Ladha? Ile ile. "Basi rangi uliyoiona ni ya ukili, na ukili si najisi," akasema. "Maji ni tohara. Watu watawadhe, wasiwasi ni wa shetani."

Nilirudi mwepesi kama niliyetuliwa gunia. Nikamkuta Sitara mlangoni akauliza nimetoka wapi na furaha yote ile, nikamwambia kwa maalim, kasema maji yetu ni tohara. Akashangaa nani aliyesema si tohara. Nimekula wali wa jana wote.

16 Aprili

Idi ya kuchinja. Ua umejaa watu tangu asubuhi, sharbati imetengenezwa madebe mazima, na jina la Zeina limetajwa mpaka mama amelia kwa furaha. Mbaruku alikuja kunipa mkono wa Idi akiwa na kanzu mpya.

"Mwalimu, lile swali la chooni, ubaoni tuandike nini?"

"Andika kwamba maji ni tohara."

Akafikiri. "Hilo tumeliona au tunadhani?"

Mbele ya wageni. Nikahisi uso umenipanda moto. "Nimekwambia mimi," nikasema. "Huniamini?"

"Nakuamini, mwalimu."

Nikampa kashata, akaenda zake. Nimeudhika na mtoto siku ya Idi kwa sababu ameuliza nilichomfundisha kuuliza.

20 Aprili

Mvua. Mzee wa chumba cha mbele anaharisha, na mke wake pia. Watu wanasema ni baridi ya masika.

22 Aprili

Mvua. Sikupima kisima. Niliwaambia watoto uzi umekatika.

23 Aprili

Mbaruku hakuja shule.

24 Aprili

Nimeingia chumbani kwa Sitara. Mbaruku amelala juu ya mkeka ambao haujamalizwa, ukili umening'inia pembeni. Anaharisha damu tangu juzi. Macho yameingia ndani, midomo imekauka, na aliponiona alitaka kukaa ili aniamkie. Nikamlaza.

Sitara alikuwa na kata mkononi, anamnywesha kidogo kidogo. "Sina dawa nyingine, mwalimu. Nampa maji ya sadaka, yana baraka ya mama yako." Na kabla ya kila funda alikuwa anamsomea na kumtaja Zeina.

Nilikuwa nimesimama kama hatua moja kutoka kwenye ile kata. Nikasema, "Sitara, uyachemshe kwanza."

"Yana nini?"

Alinitazama usoni. Ndiyo ilikuwa nafasi yangu, Mungu aliniwekea kama mtu anavyomwekea mwenzake kiti. Nikasema, "Hayana kitu. Ni desturi tu ya kwa mgonjwa."

"Kuni zimelowa," akasema, akamnywesha.

Nimerudi chumbani nikaja kuandika haya. Najichukia. Sijui kulieleza zaidi ya hivyo.

25 Aprili

Nimewasha makaa yangu mwenyewe, nimechemsha maji ya bomba, nimempelekea Mbaruku. Alikunywa akatapika. Nilikwenda kumwita tabibu wa hospitali, akaja jioni, akampa dawa, akatikisa kichwa akiwa mlangoni. Akauliza maji wanatoa wapi. Sitara akamjibu kwa fahari.

26 Aprili

Leo nimemwambia mama.

Alikuwa anachagua mchele. Nikakaa chini, si kwenye kiti, nikamwambia nina neno.

"Sema. Ila usiniletee habari za bwana afya."

Nikamweleza yote: shimo la nyuma ya shule, uzi, zambarau, bakuli lake la wageni. Hakunikatiza. Vidole vyake havikuacha mchele.

"Umetia rangi chooni kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ikatoka kisimani kwa mwanangu?"

"Ndiyo."

Alitoa chuya, akaitupa. "Watu wamekunywa miaka yote hii. Wewe umekunywa. Umekufa?"

"Sijafa. Lakini kila masika ua huu unaharisha, mama, na kila masika tunasema ni baridi. Na mtoto wa Sitara yuko hali ile."

"Unataka nini?"

"Tukifukie."

Akautikisa ungo wa mchele. "Zeina hakuacha mtoto," akasema. "Hakuacha mume. Hata nguo zake zilichomwa kwa ajili ya ile homa. Alichoacha ni watu wanaotaja jina lake wakiteka maji. Nikikifukia nani atamtaja? Wewe? Wewe hata siku aliyokufa huijui."

Siijui kweli. Nilitafuta kichwani, sikuipata.

"Tena maalim kasema maji ni tohara. Sitara kaniambia, na aliyekwenda kuuliza ni wewe. Ulikwenda au hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Basi niache na mchele wangu, mwanangu."

Aliniita mwanangu kwa upole, na upole ule umenimaliza zaidi kuliko angenitukana.

27 Aprili

Nilikwenda kwa Maalim Ubeid kwa hasira. Nikamwambia aliniambia maji ni tohara, na mtoto anakufa.

Mzee aliondoa miwani. "Ulisema rangi imetiwa mahali pengine. Mahali gani?"

"Chooni."

"Hukuniambia chooni."

"Ningekwambia, ungesema nini?"

"Sheria ya tohara ingekuwa ile ile, maana najisi yenyewe haikubadilisha kitu. Lakini ningekuuliza kwa nini unataka kuyanywa." Akanitazama kwa huruma, na huruma yake nilishindwa kuistahimili. "Uliniuliza kama yanafaa kutawadhia, nikakujibu. Hukuniuliza kama yanaua. Wewe ndiye mwalimu wa kuuliza, Sadalla."

Nilitembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, mvua ikininyeshea, kwa sababu sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikwenda kwa maalim kutafuta jibu nililokuwa nimeshalichagua. Swali nililikata kama mshona nguo anavyokata kitambaa, kwa kipimo cha mtu aliye mbele yake, na mtu huyo alikuwa mimi.

28 Aprili

Mbaruku hanijui tena.

29 Aprili, Ijumaa

Mbaruku amefariki asubuhi, kabla ya jua kupanda. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wakahitaji maji ya josho. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kisima, wakanipa ndoo. Niliteka, nikasema maneno ya kusemwa, nikapeleka, nikarudi kuteka tena. Maji yalikuwa juu sana, mkono karibu uyafikie. Kwa kazi ile yalikuwa yanafaa kabisa, nadhani hilo ndilo nitakalolikumbuka. Yanafaa kumwoshea maiti.

Tumemzika Kisutu baada ya sala ya Ijumaa. Kaburi lilikuwa linaingia maji, wazikaji wakayakumba kwa kopo. Mchanga mweusi, mchanga wa kutu, mchanga mweupe. Hamud alikuwa kando yangu, alitazama ukuta wa kaburi, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

30 Aprili

Siwezi kuandika.

2 Mei

Hitma ya Mbaruku imesomwa uani kwetu. Nitaiandika yote, nikiacha leo sitaiandika tena.

Baada ya dua, mama alisimama, mama ambaye huwa hasimami mbele ya wanaume. Akasema kuanzia leo kisima hiki ni sadaka ya watoto wawili, anayeteka aseme, "Mungu amrehemu Zeina, amrehemu Mbaruku." Wanawake wakaangua kilio, Sitara akamshika miguu. Nikaona watu wanakwenda kisimani kwa zamu, hata wasio na kiu, ili wataje.

Sitara akanijia na macho mekundu. Alitaka kunishukuru.

"Nikwambie kitu, mwalimu? Alikuwa amegoma. Tangu siku ile mliyochungulia bakuli, hataki kunywa maji ya hapa. Anakwenda bombani na kopo lake, huko foleni ya watu. Nilimpiga, hakunisikia. Siku ya Idi akarudi kutoka kwako, akaniambia, 'Mama, mwalimu kasema maji ni tohara.' Akateka, akanywa kata nzima. Nilifurahi siku ile! Alikuwa anakusikia wewe kuliko mimi niliyemzaa."

Akanishika mkono akaubusu.

Sikumbuki niliinuka vipi. Najua nilisema kwa sauti ambayo si yangu, mbele ya wote, kwamba maji ya choo yanaingia kisimani, kwamba tuliyaona kwa macho, mimi na watoto, kabla ya Idi, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia Mbaruku anywe. Halafu mmoja akasema mwalimu amechanganyikiwa kwa msiba, mwingine akasema ndiyo elimu hiyo, na Sheikhan, aliyeniuzia rangi kwa kicheko, akauliza polepole, "Zambarau ile?" Nikamwambia ndiyo. Akaiweka chini gilasi yake ya sharbati.

Sitara hakulia. Alikwenda kisimani, akatia ndoo, akataja majina mawili kwa sauti kubwa, akachota kata akanywa huku ananitazama. "Mwanangu amekufa kwa siku yake," akasema. "Hakufa kwa choo. Usimfanye mwanangu amekufa kwa choo." Akamwinua Amna aliyekuwa ameshika kanga yake, akampelekea kata mdomoni.

Mama ndiye aliyeipiga ile kata. Sikumwona alivyofika. Kata iliruka ikagonga ukuta, maji yakawamwagikia wote wawili, mtoto akapiga ukelele.

"Huyu hapana," mama akasema. "Huyu hapana, Sitara. Wangu alikwisha kufa. Wako mmoja alikwisha kufa. Huyu hapana."

Ndipo nikajua kwamba siku ile ya mchele alinisikia, kila neno.

3 Mei

Tumekifukia. Mama hakumngoja bwana afya. Asubuhi aliwaita vijana wa sokoni, wakaleta mchanga na vifusi kwa mikokoteni. Kabla hawajaanza, mama akawaambia wasubiri. Akainama, akachota mchanga kwa mkono, akautia kisimani mara tatu, kama wanaume wanavyomtilia maiti kaburini.

Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Zeina alipochukuliwa, mama alibaki ndani, na mimi na baba ndio tuliomtilia udongo. Leo ilikuwa zamu yake. Alipomaliza alipangusa mikono kwa kanga, akaingia ndani, akafunga mlango, na hakufungua mpaka alasiri.

5 Mei

Sitara amehama. Amechukua chumba mtaa wa pili. Alipokuwa anafunga mikeka yake nilimwamkia, hakuitika. Alimwambia mama, nikiwa nasikia, "Ulimpa mwanangu sadaka asubuhi, jioni ukamnyang'anya."

9 Mei

Mvua. Mama hakai tena kibarazani.

12 Mei

Hamud alisimama darasani bila kuitwa. Akasema yeye na wenzake hawakunywa maji ya kisima chochote tangu siku ya bakuli, na kwao wanachemsha, amemlazimisha baba yake. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. "Ulitwambia tunyamaze, mwalimu," akajibu, bila ubaya wowote. Niliwapa kazi ya kuchora, nikakaa nyuma ya darasa ambako hawakuweza kuniona.

17 Mei

Mama ameniuliza wakati wa chakula kama leo kuna mtu aliyemtaja Zeina. Nikasema mimi nimemtaja. Akaniuliza saa ngapi, na wapi. Nikashindwa. Akanisogezea sahani ya mchuzi, akasema nile kabla haujapoa.

23 Mei

Mvua imekuwa ya manyunyu tu. Nimepita mtaa wa pili nikitoka shule. Mlango wa ua wa nyumba anayokaa Sitara ulikuwa wazi, nikamwona kisimani, Amna mgongoni. Choo cha ua ule kiko karibu na kisima zaidi kuliko kilivyokuwa chetu.

Nikaingia bila hodi. Nikamwambia mchanga ni ule ule, Sitara, mtaa mzima chini ni mchanga ule ule, chemsha, nitakuletea makaa, nitakuletea kila siku, usinisamehe, ila umchemshie mtoto.

Alisubiri mpaka nimemaliza. Hakuwa na hasira, angekuwa na hasira ningepata pa kushika.

"Kisima hiki hakina mwalimu," akasema, akatia ndoo.